Seva Moja Kubwa au Nyingi Ndogo? Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Ofisi nyingi za kanisa, zahanati na shule katika Kanda ya Ziwa zimejikuta katika hali inayofanana. Kila mradi mpya unapokuja, huja na kompyuta yake kubwa ya kutunzia kazi, ambayo wataalamu huiita seva. Mradi wa afya huleta seva ya kumbukumbu za wagonjwa, idara ya fedha hununua ya mahesabu, na mradi wa kusomesha watoto huja na yake. Baada ya miaka michache chumba kimejaa mashine, na hakuna anayekumbuka vizuri ipi inafanya kazi gani.

Sisi pia tulifika hapo. Katika ofisi yetu hapa Mwanza tulikuwa na seva sita katika chumba kilichokuwa stoo ya karatasi. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na diski ya seva ya mahesabu haikuamka tena. Tulipotafuta nakala rudufu tuliikuta, lakini ilikuwa imehifadhiwa kwenye diski ileile iliyokufa. Wahasibu walilazimika kuingiza upya stakabadhi za miezi mitatu, moja baada ya nyingine. Ripoti kwa wafadhili ilichelewa, fedha za robo iliyofuata zikachelewa, na ada za watoto tunaowasomesha nazo zikachelewa. Kumbe kifaa kimoja kidogo kinaweza kumgusa mtoto aliye darasani Sengerema ambaye hajawahi kuiona kompyuta hiyo.

Tulipoanza kutafuta suluhisho tulipewa ushauri wa aina mbili. Wapo waliosema tukusanye kazi zote ndani ya meinifremu moja, yaani kompyuta kubwa sana ya aina inayotumiwa na mabenki, kwa kuwa haifi ovyo. Wengine walisema tununue mashine mbili tatu za kawaida za sokoni. Katika makala hii tunaeleza tulichojifunza, tukitumaini kwamba kitawasaidia wenzetu wanaokaribia kufanya uamuzi kama huo.

Seva nyingi hulala bure

Jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba seva zetu sita hazikuwa na kazi ya kutosha. Seva ya mahesabu hushughulika mwisho wa mwezi, ile ya watoto hushughulika shule zinapofungua, na ile ya barua pepe hushughulika asubuhi. Saa nyingine zote zinakula umeme na kutoa joto tu. Hali hii si yetu peke yetu. Duniani kote, katika miaka ya 2000, ilikuwa kawaida kukuta seva inayotumia chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake.

Hebu tupige hesabu. Seva moja ya zamani ikitumia wati 200, sita zinatumia wati 1,200. Kwa saa 24 hizo ni yuniti 28.8 za umeme, na kwa mwaka ni yuniti 10,512. Hapo hatujahesabu kiyoyozi. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yako ya LUKU, nawe utaona kwamba gharama ya seva haiishii siku ya kuinunua.

Seva pepe ni nini?

Dawa ya tatizo hili ni seva pepe. Neno "pepe" hapa halihusiani na mapepo. Maana yake ni seva isiyo na bati wala nyaya zake yenyewe, bali inaishi kama programu ndani ya mashine nyingine.

Fikiria nyumba ya kupanga pale Igogo au Mkuyuni. Nyumba ni moja, lakini ina vyumba sita. Kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake, na haingii chumbani kwa jirani. Msingi, paa na maji ni vya wote. Mwenye nyumba ndiye anayegawa vyumba na kuhakikisha hakuna anayemwonea mwenzake. Katika kompyuta, mwenye nyumba huyo ni programu iitwayo haipavaiza. Humgawia kila mpangaji sehemu ya prosesa, ya kumbukumbu na ya diski, na kila mpangaji huamini kwamba ana mashine nzima. Mmoja akikwama, wenzake wanaendelea na kazi.

Kwa kuwa wapangaji hawashughuliki wote kwa wakati mmoja, mashine moja nzuri huweza kubeba kazi za sita. Aidha, seva pepe ni mafaili tu. Huweza kunakiliwa na kuhamishiwa mashine nyingine bila kuhitaji fundi wa kufungua skrubu.

Ni jambo la zamani

Wengi hudhani teknolojia hii ni mpya, lakini ilianzia kwenye meinifremu. IBM ilitangaza familia yake ya System/360 mwezi Aprili 1964. Mwanzoni mwa 1967 wataalamu wake huko Cambridge, Massachusetts, Marekani, walianza kutumia mfumo ulioitwa CP-40, ulioweza kuendesha hadi mashine pepe 14 ndani ya kompyuta moja. Mwaka 1972 IBM ilitoa VM/370 kwa wateja wake, na mjukuu wa mfumo huo, z/VM, unatumika hadi leo.

Kompyuta ndogo zilichukua muda mrefu kufika hapo. Prosesa za kompyuta za kawaida hazikuumbwa kwa ajili ya kugawanywa, kwani baadhi ya amri zake haipavaiza haikuweza kuzikamata na kuzisimamia. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipata njia ya kuzunguka kikwazo hicho kwa programu. Kisha mwaka 2005 na 2006 Intel na AMD zikaongeza uwezo huo ndani ya prosesa zenyewe. Mwaka 2007 haipavaiza ya KVM iliingizwa katika Linux, ambayo haina malipo ya leseni. Tangu hapo hata ofisi ndogo iliweza kufanya lililokuwa la wakubwa tu.

Hoja za upande wa meinifremu

Wanaotetea meinifremu wana hoja za kweli, na si vema kuzipuuza.

Kwanza, imejengwa isisimame. Ina prosesa za akiba ndani yake, na moja ikiharibika nyingine huchukua nafasi bila watumiaji kujua. Kumbukumbu yake imepangwa kwa namna ambayo kipande kimoja kikifa taarifa hazipotei. Vifaa vingi hubadilishwa huku mashine ikiendelea kufanya kazi.

Pili, ina prosesa maalumu za kushughulikia uingiaji na utokaji wa taarifa, hivyo prosesa kuu hazihangaiki na diski. Ndiyo maana hubeba wapangaji wengi sana bila kuelemewa.

Tatu, huokoa umeme na nafasi pale ambapo kazi ni nyingi. Mwaka 2000 kampuni ya simu ya Telia ya Uswidi iliamua kuweka meinifremu moja yenye Linux mahali pa seva 70 za Unix. Mwaka 2007 IBM yenyewe ilitangaza mpango wa kuhamisha kazi za seva zake zipatazo 3,900 na kuziweka kwenye meinifremu zipatazo 30, ikitarajia kupunguza matumizi ya umeme kwa asilimia 80. Ukigawanya, kila meinifremu ingechukua kazi za seva kama 130.

Tazama tarakimu hiyo ya mwisho kwa makini. Meli ya New Victoria hubeba abiria 1,200 kutoka Mwanza kwenda Bukoba kupitia Kemondo. Ikijaa, gharama kwa kila abiria ni ndogo kuliko chombo chochote kidogo. Lakini ukiwa na abiria sita, hutang'oa nanga ya meli hiyo. Meinifremu nayo ni hivyo hivyo. Faida yake huonekana pale mzigo unapofanana na ukubwa wake.

Hoja za upande wa mashine za kawaida

Hoja ya kwanza ni bei. Mwezi Februari 2024 IBM ilitangaza mashine yake ndogo ya ukoo huu, LinuxONE 4 Express, kwa bei ya kuanzia dola 135,000 za Marekani. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 300 kabla ya usafiri, kodi na mkataba wa matengenezo. Kwa ofisi yenye seva sita ni sawa na kujenga ghala ili kuhifadhi gunia moja la mchele.

Hoja ya pili haisemwi mara nyingi, nayo ndiyo iliyotuamulia. Prosesa ya meinifremu huongea lugha tofauti na prosesa za Intel na AMD. Inaendesha Linux, lakini haiendeshi Windows, na hata programu za Linux lazima ziwe zimetayarishwa kwa ajili yake. Programu yetu ya mahesabu ni ya Windows. Kwa hiyo hata kama tungepewa meinifremu ya bure, kazi iliyotuumiza ndiyo ambayo isingeweza kuingia ndani yake. Kabla hujapokea msaada wa mashine yoyote, andika orodha ya programu zako na uulize kama zitaendeshwa humo. Kifaa cha msaada kisichoendesha kazi zako ni mzigo tu.

Hoja ya tatu ni watu na vipuri. Diski, kumbukumbu au pawasaplai ya seva ya kawaida hupatikana Mwanza, au huagizwa Dar es Salaam na kufika kwa basi. Vijana wanaojua Linux na Windows wanahitimu kila mwaka katika vyuo vyetu. Fundi wa meinifremu ni adimu, na mkataba wake hulipwa kwa dola.

Hata hivyo, upande huu nao una mitego. Mashine ya kawaida huharibika, na lazima upange ukijua kwamba itaharibika. Leseni nazo zinaweza kukugeukia. Kampuni ya Broadcom ilipoinunua VMware mwezi Novemba 2023, mwezi uliofuata ilisitisha kuuza leseni za kudumu na kuhamia kwenye malipo ya vipindi. Ofisi nyingi duniani zilishtuka zilipoona ankara mpya. Ni heri kuchagua haipavaiza ambayo unaweza kuiacha bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tanzania tumetoka wapi

Nchi yetu ina historia yake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine kubwa moja ya kufanya kazi ya wengi. Jitihada za kuingiza hesabu za Serikali kwenye kompyuta ziliishia katika matatizo na hasara, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini bila kibali maalumu. Masharti hayo yalilegezwa taratibu katika miaka ya 1980 na 1990.

Matokeo yake ni kwamba wengi wetu hatukupitia zama za meinifremu. Tuliingia moja kwa moja kwenye kompyuta ndogo za mezani, kila ofisi na yake. Ujuzi wa mafundi wetu umejengwa huko, na tabia yetu ya kuongeza mashine kwa kila mradi imetoka huko pia.

Funzo la 1974 tunaloliona ni hili: mashine haikuwa adui. Tatizo lilikuwa kuweka hesabu za taifa juu ya kifaa ambacho waliokielewa walikuwa wachache, bila njia ya kurudi nyuma mambo yakiharibika. Kosa hilo laweza kurudiwa leo kwa mashine ya bei yoyote.

Hatari ya kukusanya kila kitu pamoja

Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa maana ya kupakia chombo kimoja kupita uwezo wake. Vilevile wengi wetu tunakumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo. Kivuko kikikwama, mgonjwa, mfanyabiashara na mwanafunzi wote walikaa ng'ambo wakingoja. Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, liliondoa adha hiyo, lakini somo limebaki: njia ikiwa moja tu, hitilafu yake ni ya wote.

Kukusanya seva sita katika mashine moja ya kawaida ni kutengeneza kivuko cha namna hiyo. Zamani seva ya mahesabu ilipokufa, kumbukumbu za wagonjwa zilibaki salama. Ukikusanya bila mpango, zote zitakufa siku moja. Kwa hiyo kanuni ni kwamba usikusanye kwenye mashine moja, bali kwenye mbili au zaidi, na uzingatie haya:

1. Mashine moja ikifa, zilizobaki ziweze kubeba mzigo wote. Ukiwa na mbili, kwa kawaida kila moja isijazwe zaidi ya nusu. Ukiwa na tatu, isizidi theluthi mbili. Nafasi iliyobaki si upotevu, ni akiba ya siku mbaya.

2. Pima kumbukumbu kabla ya prosesa. Katika seva pepe, kumbukumbu ndiyo huisha kwanza. Kama wapangaji wako kwa jumla wanahitaji gigabaiti 64, nunua mashine mbili zenye 128 kila moja. Itabaki ya mwenye nyumba na ya kukua.

3. Weka shahidi wa tatu. Mashine mbili zikipoteza mawasiliano, kila moja huweza kudhani mwenzake amekufa, na zote zikaanza kuandika taarifa zilezile na kuziharibu. Ni kama kikao cha watu wawili wasiokubaliana, hakuna kura ya kuamua. Kifaa kidogo cha tatu, hata kompyuta ya kawaida ya mezani, hutosha kupiga kura hiyo.

4. Diski pacha si nakala rudufu. Diski mbili zinazoandika pamoja hukulinda dhidi ya diski kufa. Hazikulindi dhidi ya mtu aliyefuta faili kwa makosa, kirusi, moto au mwizi. Weka nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 iwe nje ya jengo.

5. Umeme kwanza. UPS nzuri inayozima mashine kwa utaratibu ina thamani kuliko prosesa ya kisasa. Aliyetuumiza sisi hakuwa prosesa.

Njia ya tatu: kupanga kwa wengine

Ipo pia njia ya kutokuwa na mashine kabisa, bali kupanga seva pepe katika kituo cha data. Serikali imefuata mkondo huu. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, ikawa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, na moja ya kazi zake ni kuhifadhi mifumo ya taasisi za umma mahali pamoja. Jijini Dar es Salaam kipo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilicho chini ya TTCL, na yapo makampuni binafsi ya hapa nchini na ya nje.

Njia hii huondoa wasiwasi wa umeme, joto na vipuri. Lakini huleta kivuko kingine, nacho ni waya wa mawasiliano. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi kadhaa za ukanda huu kwa siku kadhaa. Kituo cha afya kilichotunza mafaili ya wagonjwa Ulaya kilikuwa na hali ngumu siku hizo, tofauti na kile kilichokuwa na seva yake jengoni.

Liko pia suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti na inaweka masharti ya kuhamisha taarifa binafsi nje ya nchi. Mgonjwa anayetueleza ugonjwa wake anatuamini. Hatuna budi kujua taarifa zake zinalala wapi na nani ana ufunguo.

Tulichoamua

Baada ya kupima yote, tulinunua mashine mbili za kawaida zenye nguvu ya wastani, tukaweka haipavaiza isiyo na ada ya leseni, na kuhamisha kazi zetu sita humo. Kompyuta ya zamani ya mezani ndiyo shahidi wa tatu. Kila usiku nakala huandikwa kwenye kifaa kingine, na kila Ijumaa diski moja iliyofungwa kwa nywila huenda kulala kwenye jengo lingine upande wa pili wa mji. Mashine hizo mbili hutumia wati zipatazo 300 kila moja, yaani yuniti 14.4 kwa siku mahali pa 28.8, ambazo ni nusu kamili.

Hatusemi meinifremu ni mbaya. Kwa benki yenye mamilioni ya miamala kwa siku, au taasisi yenye mamia ya seva za Linux na uwezo wa kulipia mkataba, inaweza kuwa uamuzi wa busara. Kwa ofisi yenye seva sita, mafundi wawili na umeme unaokatika, uimara tunautafuta kwa kuwa na mashine mbili za kawaida na nakala zilizojaribiwa.

Neno hilo la mwisho tunalisisitiza. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu ni matumaini tu. Mara moja kila robo mwaka tunachukua diski ya Ijumaa, tunaifungua kwenye mashine tupu, na mhasibu anaketi kuangalia kama salio linalingana na daftari. Mara ya kwanza halikulingana, kwa sababu faili moja lilikuwa limesahauliwa kwenye mpangilio wa kunakili. Tulilirekebisha siku hiyo hiyo kabla ya saa sita mchana, na hakuna ada ya mtoto iliyochelewa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuandika andiko la kuomba seva mpya, fanya mambo matatu wiki hii. Hesabu mashine ulizonazo na uandike kila moja inafanya kazi gani. Uliza nakala rudufu iko wapi, na uende uione kwa macho yako. Kisha chagua faili moja na uombe lirudishwe kutoka kwenye nakala hiyo huku wewe ukitazama.